Umechomeka simu kwenye Linux na folda iko tupu: tatizo liko wapi?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za zamani wamebaki njia panda. Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine zao hazina, kompyuta mpya ni ghali, na fundi au rafiki anawashauri waweke Linux. Wanaweka Ubuntu au Linux Mint, mashine inachangamka, mambo yanaenda vizuri mpaka siku wanapotaka kutoa picha za harusi kwenye simu. Waya unachomekwa, simu inachaji, kompyuta iko kimya. Au jina la simu linatokea pembeni mwa dirisha la faili, ukilibofya unakuta folda tupu. Au picha zinaanza kunakiliwa vizuri, zikifika katikati kila kitu kinaganda.

Hapo ndipo maelezo ya kijiweni yanapoanza. Utaambiwa Linux haipatani na simu, kwamba kuna draiva ya kununua, kwamba simu ina virusi, au kwamba lazima uiruti, yaani uivunje ulinzi ili upate mamlaka yote juu ya mfumo wake. Wapo wanaoamua kurudisha Windows iliyochakachuliwa, pamoja na hatari zake zote, kwa sababu ya picha tu. Inaniuma kuona mtu anafika huko, maana mara nyingi kasoro yenyewe inarekebishika bila kutoa hata shilingi, mradi ujue simu na kompyuta zinaambiana nini pale waya unapoingia.

Stoo iliyokuwa wazi, na duka lenye nondo

Kuna maneno mawili ya kuelewana kwanza. Hifadhi ni mahali faili zako zinapokaa ndani ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Itifaki ni makubaliano ya jinsi vifaa viwili vitakavyozungumza, yaani nani anaanza, anaombaje, na anajibiwaje. Waya unaweza kuwa mzima kabisa, lakini kama vifaa hivyo havitumii itifaki moja, hakuna faili itakayopita.

Flashi inatumia itifaki rahisi sana. Ukiichomeka, inaikabidhi kompyuta hifadhi yake nzima, na kuanzia hapo kompyuta ndiyo inayoamua kipi kiandikwe wapi. Simu za mwanzo za Android nazo zilifanya hivyo. Waliotumia Android 2 watakumbuka kitufe cha kuwasha hifadhi ya USB, na jinsi simu ilivyolemaa mara tu ukikibonyeza: picha hazionekani, muziki unakatika, programu zilizowekwa kwenye memori kadi zinatoweka hadi uchomoe waya. Simu haikuwa mbovu. Mifumo miwili haiwezi kuandika kwenye hifadhi moja kwa wakati mmoja bila kuiharibu, hivyo ilibidi simu ikae pembeni na kuiachia kompyuta.

Kuanzia Android 3.0, mwaka 2011, utaratibu ukabadilika. Google ilichukua MTP, itifaki ambayo Microsoft iliitengeneza kwa ajili ya vifaa vya kuchezea muziki, ikiijenga juu ya PTP, itifaki ya kamera za dijitali. Mwaka 2008 taasisi inayosimamia viwango vya USB ilikuwa imeshaikubali MTP kuwa kiwango rasmi.

Tofauti yake na flashi iko hivi. Flashi inakupa ufunguo wa stoo: unaingia, unapekua, unahamisha, unatoka. MTP ni duka la mtaani lenye nondo dirishani. Unasimama nje, unaomba kitu, muuzaji anakwenda kwenye rafu anakuletea. Mlango wa ndani huugusi. Dirisha likiwa limefungwa hupati kitu, hata kama rafu zimejaa. Na muuzaji ni mmoja: akiwa anamhudumia mteja mwingine, unasubiri. Karibu kila kasoro nitakayoieleza hapa inatokana na moja kati ya mambo hayo: dirisha limefungwa, njia ya kufika dukani imekatika, huna anayejua kuomba, au muuzaji ameshikwa na mteja mwingine.

Matokeo ya kwanza ya mpangilio huu yanawachanganya hata wazoefu. Flashi ikichomekwa, Linux huipa jina la diski, mathalani `/dev/sdb`, na ukiandika `lsblk`, amri ya kuorodhesha diski, unaiona. Simu haitatokea humo. Miongozo ya zamani bado inawaambia watu waitafute kwenye orodha ya diski, na wao wanakaa kuisubiri. Hakuna diski iliyokabidhiwa, kwa hiyo hakuna diski ya kuorodhesha. Mazungumzo ya MTP yanaendeshwa na programu za kawaida zilizo juu ya kiini cha Linux (kernel, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha vifaa), na hizo ndizo tutakazozifuata.

Hapohapo pana dhana nyingine ya kuondoa: kwamba Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, basi simu na kompyuta ya Linux zilipaswa kutambuana zenyewe kama ndugu. Ni kweli kiini ni hichohicho. Lakini kwenye waya kinachosikika ni itifaki tu, na MTP ni ileile simu ikichomekwa kwenye Linux au kwenye Windows.

Anza na simu yenyewe

Kabla ya kugusa kompyuta, itazame simu. Kuanzia Android 6.0, mwaka 2015, simu inayochomekwa kwenye kompyuta hupokea umeme tu hadi mwenyewe aruhusu zaidi. Ni ulinzi mzuri. Ukiingia steshenari kuprinti barua na ukaomba kuchaji kidogo kwenye kompyuta yao, hutaki kompyuta hiyo ipekue picha zako bila idhini. Kwa hiyo ukimya wa mwanzo ni wa makusudi, na kwa watu wengi tatizo lote linaishia hapa.

Fungua skrini kwa PIN au alama ya kidole. Vuta arifa kutoka juu, utaona moja inayosema simu inachaji kupitia USB. Iguse, kisha chagua kuhamisha faili. Simu zilizowekwa kwa Kiingereza huandika "File transfer", nyingine "Transferring files", nyingine "MTP" tu. Usichague PTP. Hiyo ni ile itifaki ya kamera, na ukiichagua utaona folda za picha peke yake, kisha utadhani nyaraka na nyimbo zako zimefutika.

Folda tupu nayo ina sababu hiyohiyo mara nyingi. Simu ilichomekwa skrini ikiwa imefungwa, kompyuta ikaona jina, lakini simu ikakataa kuonyesha chochote kabla ya mwenyewe kuifungua. Ifungue, chagua kuhamisha faili, funga dirisha la faili kwenye kompyuta ulifungue upya. Ikigoma, chomoa waya urudie, safari hii skrini ikiwa wazi tangu mwanzo.

Waya unaochaji bila kupitisha faili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu waya ndio unaowapotezea watu muda kuliko kitu kingine. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Baadhi ya waya za bei nafuu, zile za kununua barabarani kwa machinga au zinazokuja na tochi na spika ndogo, zimewekewa zile mbili za umeme tu. Simu inachaji vizuri kabisa, na hicho ndicho kinachomdanganya mtu. Anajiambia waya ni mzima, lazima Linux ndiyo mbovu. Dalili yake ni kwamba ile arifa ya USB haitokei kabisa, au unakuta simu inasema inachaji basi, bila chaguo lingine.

Jaribu waya mwingine ambao umeshauona ukihamisha faili mahali pengine. Badilisha tundu la USB kwenye kompyuta. Kama unatumia kigawanyo cha matundu, kiruke, chomeka moja kwa moja kwenye mashine. Mulika pia tundu la simu: nyuzi za mfukoni na vumbi hujikusanya humo hadi waya hauingii mpaka mwisho, ukawa unagusa umeme bila kugusa data. Zima simu, utoe uchafu taratibu kwa kijiti cha meno. Sindano au pini ya chuma inaweza kuharibu miguso ya ndani, iache.

Sasa nenda kwenye kompyuta. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na uandike `lsusb`. Amri hii inaorodhesha kila kilichochomekwa kwenye USB na haihitaji ruhusa yoyote. Iandike mara moja simu ikiwa imechomolewa, mara ya pili ikiwa imechomekwa, kisha linganisha. Mstari ulioongezeka ndio simu yako. Simu ya Samsung, kwa mfano, inaweza kutokea hivi:

`Bus 001 Device 007: ID 04e8:6860 Samsung Electronics Co., Ltd Galaxy A5 (MTP)`

Namba 04e8 ni ya kampuni, 6860 ni ya kifaa. Samsung imeitumia namba hiyo ya pili kwa simu nyingi za Galaxy, kwa hiyo usishtuke ukisoma A5 huku mkononi una toleo jingine. Vivyo hivyo, simu ya Tecno au Infinix yenye chipu ya MediaTek inaweza kujitambulisha kwa namba 0e8d na jina la MediaTek, bila kutaja Tecno popote. Neno MTP likiwepo ni ishara njema, lakini nalo limetoka kwenye orodha ya majina iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi chochote.

Amri hii moja inaigawa kazi yote pande mbili. Kama hakuna mstari mpya, kosa liko kwenye waya, tundu au simu, na hakuna programu utakayoweka ikasaidia. Kama mstari upo, acha waya, shughulikia programu. Nimeona watu wakisakinisha Linux upya wakati `lsusb` ingewaambia ndani ya sekunde mbili kwamba waya umekatika ndani.

Ukitaka kusikiliza zaidi, andika `sudo journalctl -kf` (neno `sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo) kisha chomeka simu. Utaona kiini cha Linux kikiripoti kinachotokea wakati huohuo. Ukisoma mstari kama `device descriptor read/64, error -71`, maana yake kompyuta imegundua kuna kitu, imejaribu kukiuliza jina, ikapata jibu lililovurugika. Hiyo karibu siku zote ni waya au tundu. Na ukiona simu inaunganishwa na kukatika kila baada ya muda mfupi kwenye laptopu yenye TLP, ile programu ya kuokoa betri, chunguza hapo: TLP hulaza matundu ya USB. Kwenye faili lake la mipangilio, `/etc/tlp.conf`, kuna `USB_EXCLUDE_PHONE`. Iweke iwe 1, uwashe upya kompyuta.

Anayejua kuomba

Simu imeonekana kwenye `lsusb`, imeruhusu kuhamisha faili, lakini dirisha la faili halionyeshi kitu. Sasa inabidi tuulize kama kompyuta ina programu inayojua kuzungumza MTP. Kazi hiyo kwenye Linux hufanywa na maktaba ya bure iitwayo libmtp, na juu yake kuna kipande kinachoiunganisha na dirisha lako la faili. Draiva ya kununua haipo. Ubuntu na Mint kwa kawaida huja na vyote viwili, ila ukiwa umeweka mfumo mwepesi, au ukiwa umejengea Debian vipande vyako mwenyewe, kipande kimoja kinaweza kukosekana.

Kwa Ubuntu, Mint na Debian yenye madirisha ya GNOME, Cinnamon, MATE au XFCE, andika `sudo apt install gvfs-backends mtp-tools`. Fedora na Arch hukiita kipande hicho `gvfs-mtp`. Wanaotumia KDE, aina nyingine ya madirisha, wanahitaji `kio-extras`. Toka kwenye akaunti uingie tena, au washa upya. Baada ya hapo `mtp-detect` itakuambia kama maktaba inaiona simu.

Watu wakikwama hapa hukimbilia kuendesha kila kitu kwa `sudo`. Naomba usifanye hivyo. Faili utakazotoa zitakuwa mali ya msimamizi wa mfumo na wewe mwenyewe utashindwa kuzihariri, na mbaya zaidi, programu uliyoifungua kwa `sudo` itaishika simu na dirisha lako la kawaida litakosa nafasi. Ruhusa za kuigusa simu huwekwa na kanuni zinazokuja na libmtp yenyewe. Zikiwa hazifanyi kazi, kusakinisha upya libmtp na kuwasha upya mashine ni njia salama zaidi. Kuruti simu, kwa upande wake, hakuhusiki kabisa na MTP.

Muuzaji ameshikwa

Ujumbe unaosema "Unable to open MTP device", au ule wa `error returned by libusb_claim_interface() = -6`, mara nyingi una maana moja: simu ipo, inaongea, ila kuna programu nyingine iliyoitangulia. MTP inapokea mteja mmoja. Ukiichomeka simu, dirisha la faili linaiwahi kimyakimya. Ukifungua na Shotwell kutoa picha, au Rhythmbox kuweka nyimbo, au ukijaribu `jmtpfs` uliyoisoma kwenye mwongozo fulani, wa pili anagonga ukuta. `mtp-detect` niliyoitaja hapo juu nayo itakataa kwa sababu hiyohiyo, na wengi huchukua kukataa huko kama ushahidi kwamba simu haifai.

Funga zote, ubakize moja. Kwenye madirisha yanayotumia gvfs (GNOME, Cinnamon, MATE na XFCE), amri `gio mount -s mtp` huiachia simu. Kwenye KDE anayeishikilia ni kiod5 au kiod6, kutegemea toleo, na unaweza kumwondoa kwa `killall kiod5` au `killall kiod6`. Kama hutaki amri, rudi kwenye arifa ya simu, irudishe kwenye kuchaji tu, kisha chagua tena kuhamisha faili. Mazungumzo ya zamani yanakatwa, mapya yanaanza.

Na ukiwa na mteja mmoja, mpe ombi moja. Kuanzisha kunakili DCIM, folda ya picha za kamera, hapohapo ukafungua folda ya muziki, ukabandika na video upande wa pili, ni kutafuta kuganda. Folda ya kamera yenye maelfu ya picha inachelewa kufunguka kwa sababu kompyuta haiwezi kujisomea orodha yenyewe, inaiuliza simu habari za kila faili. Upau wa kunakili ukisimama, ngoja. Ukikatisha haraka na kuanza upya, mara nyingi unaongeza foleni simuni hadi iwashwe upya. Hamisha kwa mafungu, mwezi mmoja wa picha au mafaili mia chache kwa safari.

Usifungue video wala hati moja kwa moja kutoka simuni. Kile unachokiona kwenye dirisha kinafanana na folda ya kawaida lakini anwani yake huanza na `mtp://`, na programu nyingi hazijui kuitumia. Kivinjari kikikataa kupakia picha uliyoichagua kutoka simuni, au kicheza video kikikwama, nakili faili kwenye kompyuta kwanza, kisha ufungue nakala.

Kuhusu kasi, tundu la USB-C lisikupe matumaini makubwa. Hilo ni umbo la tundu. Simu nyingi za bei ya kati zenye USB-C ndani yake bado ni USB 2.0, ambayo kikomo chake cha kinadharia ni megabaiti 60 kwa sekunde, na MTP haifiki hapo. Waya wa gharama hautaibadilisha simu hiyo.

Faili ninayo simuni, kompyuta haiioni

Hii ya WhatsApp naulizwa kuliko zote. Mtu anatafuta folda ya WhatsApp pale ilipokuwa zamani, kwenye mzizi wa hifadhi, haioni, anadhani kompyuta imeificha. Imehama. Android 11, ya mwaka 2020, ilibana maeneo ambayo programu zinaruhusiwa kuweka faili zake, na WhatsApp ikahamia `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`. Ndani yake utakuta WhatsApp Images, WhatsApp Video, WhatsApp Documents na nyinginezo, na vile ulivyovituma wewe viko kwenye Sent. Folda jirani, `Android/data`, ndiyo iliyofungwa zaidi, na baadhi ya simu hazitakuonyesha kilichomo.

Wakati mwingine faili ni mpya: umeipakua sasa hivi na kompyuta haina habari nayo. Simu hujibu maombi kwa kutazama daftari lake la ndani la faili, na daftari hilo huchelewa kuandikwa. Chomoa, chomeka tena. Isipotokea, washa simu upya.

Kama faili ziko kwenye memori kadi, una njia ya mkato nzuri: zima simu, toa kadi, ichomeke kwenye laptopu kwa kisomea kadi. Hapo inakuwa kama flashi, na `lsblk` itaionyesha. Isipokuwa tu kama kadi iliwekwa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Kadi ya namna hiyo imefungwa kwa siri ya simu husika, kompyuta itaiona kama haina kitu na itapendekeza kuisafisha. Kataa.

Bila waya, na bila kula bando

Tundu la simu likiwa limekufa, bado hujakwama. KDE Connect ni programu ya bure inayowekwa kwenye simu na kwenye kompyuta, hata kama hutumii KDE. Kwa GNOME ipo GSConnect inayoelewana nayo. LocalSend ni nyingine, nyepesi kuielewa kwa anayeanza. Zote zinataka vifaa viwili viwe kwenye mtandao mmoja, na si lazima mtandao huo uwe na intaneti.

Watu wanaogopa kutumia hotspoti ya simu kwa kazi hii wakidhani video ya gigabaiti mbili itamaliza bando. Haimalizi. Faili inatoka simuni kwenda kwenye laptopu moja kwa moja, haifiki kwenye mnara wa kampuni ya simu. Kinachoweza kula bando ni kompyuta yenyewe: ikiona imepata wifi inaanza kupakua masasisho. Kwa hiyo zima data kwenye simu, acha hotspoti peke yake, jambo linalowezekana kwenye simu nyingi. Au kwenye mipangilio ya wifi ya GNOME, itambulishe hotspoti hiyo kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo.

Vifaa visipoonana, angalia ulinzi wa mtandao wa kompyuta. KDE Connect hupita kwenye milango 1714 hadi 1764, na kama umewasha ufw, programu ya ulinzi huo, unapaswa kuifungua: `sudo ufw allow 1714:1764/tcp`, kisha amri hiyohiyo kwa `udp`. Ukiwa hotelini, chuoni au kwenye mgahawa, huenda wifi yao imewekwa makusudi ili wateja wasionane. Huwezi kulitatua hilo kwenye laptopu yako. Tumia hotspoti.

Bluetooth inafanya kazi, na kwa hati moja ya kurasa tatu inatosha. Kwa gigabaiti moja, kasi yake ya juu ya megabiti 3 kwa sekunde ina maana ya zaidi ya dakika 40 hata bila hitilafu yoyote.

Mzigo mkubwa

Picha za miaka mitano, zaidi ya gigabaiti 50, sishauri kuzihamisha kwa kuburuta na kuachia kwenye dirisha. Mbali na kuganda, MTP mara nyingi hupoteza tarehe: picha ya 2019 inaonekana imetengenezwa leo, na albamu nzima inavurugika. Kwa mzigo huo tumia adb, chombo cha wanaotengeneza programu za Android. Weka kwa `sudo apt install adb`. Kwenye simu, nenda sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo ("Build number") mara saba, kisha ndani ya chaguo za wasanidi washa utatuzi wa USB. Andika `adb devices`. Ukiona "unauthorized", tazama skrini ya simu, kuna swali linasubiri ukubali. Ukiona "no permissions", weka kifurushi `android-sdk-platform-tools-common`, uchomoe na kuchomeka tena. Kisha tengeneza folda ya kupokelea kwa `mkdir -p ~/Picha`, na uandike:

`adb pull -a /sdcard/DCIM ~/Picha`

Ile `-a` ndiyo inayotunza tarehe, usiisahau. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB. Kuuacha wazi ni kumpa nguvu kubwa juu ya simu yako yeyote mwenye kompyuta uliyoikubalia, na baadhi ya programu za benki hugoma kufunguka ukiwa umewashwa.

Kisha kuna hatua ambayo watu huiruka kwa sababu simu imejaa na wana haraka ya kupata nafasi. Kabla ya kufuta picha simuni, hakikisha zimefika. Uhamishaji uliokatika, hasa wa MTP, unaweza kuacha majina ya faili bila kitu ndani, na kwenye dirisha majina hayo yanaonekana kamili kama mengine. Andika `find ~/Picha -type f -size 0`. Kila jina la picha au video litakalotokea ni la faili ambayo bado iko simuni peke yake. Halafu linganisha idadi: `find ~/Picha/DCIM -type f | wc -l` kwa kompyuta, na `adb shell "find /sdcard/DCIM -type f | wc -l"` kwa simu. Namba zikitofautiana, rudia ile `adb pull` kabla hujafuta chochote. Zikiwa sawa, fungua pia video mbili tatu ndefu uziburute hadi mwisho, kwa kuwa video iliyokatika katikati huanza kucheza vizuri tu.